Wapasuaji waliompinga Dotter hawakuwa na wivu tu

Kila ikisimuliwa historia ya tiba radiolojia, hii ya kupenyeza waya na katheta (kamrija kembamba) kwenye mshipa badala ya kupasua, stori ni ile ile, Charles Dotter, daktari wa mionzi, ndiye shujaa na wapasuaji wana wivu. Na stori yenyewe tamu kweli. Januari 1964, Portland, Oregon, bibi wa miaka 82 mshipa umeziba, mguu unaoza, wapasuaji wanataka kuukata, bibi kagoma. Dotter akapitisha katheta nyembamba kwenye mshipa wa paja, kisha nene juu yake, damu ikashuka, mguu ukapata joto, na bibi kaishi zaidi ya miaka miwili akitembelea miguu yake mwenyewe. Wenzake wakamuita Crazy Charlie, kuna hadi fomu ya kuomba picha ilimfikia imeandikwa aonyeshe tu, asijaribu kurekebisha!

Kumpuuza lilikuwa kosa, hapo sina ubishi. Marekani ilichelewa zaidi ya miaka kumi wakati Ujerumani madaktari kina Eberhard Zeitler wanaendelea na njia yake, na kuchelewa huko ni miguu ya watu.

Lakini ngoja kwanza. Mpasuaji alikuwa na swali la haki kabisa, mgonjwa akivuja damu saa nane usiku nani anaamka? Au ule uchafu wa mshipa ukisukumwa ukaenda kuziba kule chini, nani anafungua? Daktari wa mionzi enzi hizo hana kliniki, hana vitanda, mgonjwa anakutana naye kalala mezani, akishuka pale sio wake tena, anarudi kwa aliyemtuma. Sasa unamkabidhije mtu wa hivyo mguu wa mgonjwa wako?

Na watu wanasahau kwamba Dotter mwenyewe aliliona hili. 1968 aliwaonya wenzake kwamba wasipobeba jukumu la mgonjwa watageuka mafundi bomba wa bei mbaya, maana mashine wengine watanunua na ufundi wengine watajifunza. Ikawa hivyo hivyo. 1977 kule Zürich, daktari Andreas Grüntzig, aliyejifunza njia ya Dotter kwa Zeitler, akaingiza puto kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho kabisa, na baada ya hapo mishipa ya moyo ikaenda moja kwa moja kwa madaktari wa moyo. Yaani ufundi umezaliwa chumba cha eksirei halafu ukahama nyumba, kisa tu mgonjwa alikuwa analala wodi ya jirani! Baadae wapasuaji wa mishipa nao wakajifunza waya, wakachukua sehemu kubwa ya matibabu ya mishipa ya miguu.

Marekani imeitambua tiba radiolojia kama taaluma kamili 2012 tu, na mafunzo yake sasa yana kazi ya wodi na kliniki, yaani kile kile walichokuwa wanadai wapasuaji. Muhimbili nako mafunzo yalianza 2018 kwa msaada wa timu za kutoka Marekani, jambo zuri sana. Ila mi nikisikia hospitali imeanza tiba radiolojia siulizi mashine ya kampuni gani, nauliza kliniki yao ni siku gani.