Pesimeka Nzima, Moyo Je?

Jirani yangu mmoja wa Langoni, mjini Lamu, alirudi kutoka kliniki moja ya Mombasa na karatasi iliyosema kuwa pesimeka yake, kifaa kilichopandikizwa mwilini kuuendesha moyo kwa umeme, haina ila: betri imebakisha miaka saba, nyaya zimetulia mahali pake, na chemba ya chini ya kulia inaendeshwa na kifaa kwa asilimia 98 ya mapigo. Wanawe walimshukuru Mungu. Wiki hiyohiyo mzee alikuwa akipumzika mara mbili kabla ya kumaliza ngazi za nyumba yake, na ukanda wa kubadhi ukimwachia alama kwenye mguu uliofura.

Kinachobishaniwa ni kama mgonjwa wa namna hii apigwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kila baada ya muda, au ukaguzi wa kifaa unamtosha. Wanaosema unatosha wana hoja. Kutoka Lamu ni mashua hadi Mokowe, kisha basi la zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, na mgonjwa hasafiri peke yake. Tena kipimo chenyewe huyumba: asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo hutofautiana kwa pointi 5 au zaidi baina ya wasomaji wawili wa picha moja, na ukuta wa kati wa moyo unaoendeshwa na pesimeka hucheza kinyume, ukalihadaa jicho.

Hata hivyo, ukaguzi huo hujibu jambo moja tu, kwamba kifaa kinafanya kazi. Hali ya msuli hauigusi. Umeme unaoanzia kwenye ncha ya waya, upande wa kulia, haufuati njia za asili. Hupenya msulini polepole, upande wa kulia ukajikunja kwanza na wa kushoto ukachelewa, kama mabaharia wanaovuta henza bila kuitikiana: tanga litapanda, lakini kwa jasho la bure.

Ndiyo maana ile 98 hainitoki akilini. Uchunguzi wa MOST, utafiti wa Marekani juu ya wagonjwa wa pesimeka, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa wagonjwa wa pesimeka ya nyaya mbili walioendeshwa zaidi ya asilimia 40 ya wakati walikabiliwa na hatari zaidi ya maradufu ya kulazwa kwa moyo kushindwa. Kwa hiyo tarakimu ambayo familia iliisoma kama habari njema ndiyo iliyopaswa kumpeleka mzee kwenye eko. Kuipunguza haiwezekani kila mara, kwa sababu aliyekatikiwa kabisa na njia ya umeme baina ya chemba za juu na za chini huenda akaanguka bila kifaa. Lakini kuuchungulia msuli kunawezekana, na ukionekana unadhoofika, tiba ipo, kama vile kuongeza waya wa kuendesha upande wa kushoto. Makadirio mengi husema kuwa kati ya 1 na 2 katika kila wagonjwa 10 wanaoendeshwa sana hudhoofika hivyo. Wapinzani huwahesabu wale 8 au 9 waliosalimika, na kweli anayeendeshwa mara chache, asiye na dalili, sioni haja ya kumvusha maji kila mwaka.

Kuhusu kuyumba kwa kipimo, dawa yake ni eko ya kwanza kabla ya upasuaji, kisha zinazofuata zipigwe kwa njia ileile na kuandikwa kama moyo ulikuwa ukiendeshwa wakati huo. Asilimia ya damu inayosukumwa kushuka kutoka 55 hadi 52 kunaweza kuwa jicho la msomaji. Kutoka 60 hadi 40 hakuwezi. Ajabu ni kwamba fani zote mbili zilichipuka Uswidi, eko mwaka 1953 na pesimeka ya kupandikizwa mwaka 1958, nasi tumezitenga kana kwamba hazijuani.

Mzee hatimaye alipigwa eko, ikatoka asilimia 38, kiwango cha moyo uliodhoofika. Daktari alilifungua faili lake tangu siku ya upasuaji akitafuta picha ya awali. Haikuwamo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema imeshuka kutoka wapi, wala tangu lini.