Folda ya plagini au if nyingi? Hesabu yangu baada ya wateja wanne

Kuna hii kitu huwa tunabishana na jamaa yangu mmoja wa Nyegezi, Mwanza, kila tukikaa kula sato. Yeye anasema kuweka mfumo wa plagini (vifaili vya pembeni vinavyoongezea programu kazi bila kuigusa yenyewe) kwenye programu ndogo ni kujikuza tu, andika if yako (ule mstari wa "kama ni mteja fulani, fanya hivi") ulale. Mimi nasema inategemea nani ataandika hizo plagini. Ngoja niimwage yote hapa maana pale mezani huwa hanipi nafasi.

Nina kaprogramu ka mauzo, nimekaandika kwa lugha ya Python. Kalianza na duka moja la spea za pikipiki Buzuruga, kakaenda kwa mama mmoja anayeuza dagaa wa jumla pale Mwaloni Kirumba, leo wateja wanne. Shida kila mtu na lake: wa spea anataka VAT ionekane, mama wa dagaa hana habari na VAT, yeye anataka bei ya gunia itoke na kwa dola kwa sababu ya wateja wake wa Kongo, mwingine anataka SMS ya mauzo kila jioni. Nikaweka if. Nikaweka if ndani ya if. Mwisho wa siku kodi yangu (ya kompyuta, sio ile ya TRA) ikawa nikigusa cha mama wa dagaa, wa spea anapiga simu.

Ndo nikahamia kwenye plagini. Unatenga folda, programu ikiwaka inapitia mafaili ya .py yaliyomo, inayapakia kwa importlib (chombo kinachokuja na Python yenyewe), kila faili lina fankisheni moja (kipande cha kodi chenye jina, unakiita kinafanya kazi), mimi nimeiita sajili, na humo plagini inasema "niite mauzo yakikamilika" au "niite kabla ya kuprinti risiti". Programu inatunza orodha, tukio likifika inaziita moja moja. Mistari kama thelathini, hakuna cha kudaunlodi. WordPress, ile ya kutengenezea tovuti, iko na plagini tangu toleo la 1.2 mwaka 2004, wazo ni hilohilo. Na raha yake naijua: faili la dola liko kwenye kompyuta ya mama peke yake, hata nikiliharibu, Buzuruga hawana habari.

Sasa jamaa yangu naye ana hoja, tena nzito kuliko anavyojua.

Ya kwanza ni mpangilio, na hii ilinikamata. Nilikuwa nasoma folda kwa os.listdir, ambayo haikuahidi kukupa mafaili kwa mpangilio wowote ule. Laptopu yangu ya Windows ilikuwa inaleta kwa alfabeti, punguzo.py kisha vat.py, safi. Kompyuta ya dukani ni Linux, ikaanza na vat. Chukua spea ya 10,000 yenye punguzo la 1,000: ukipunguza kwanza halafu ukaweka VAT ya 18% unapata 10,620, ukigeuza unapata 10,800. Shilingi 180 kwa spea moja, na hakuna eraa yoyote inayotokea! Ukiandika kwa if huwezi kukutwa na hii, mistari iko mbele ya macho yako na mpangilio unausoma. Dawa ipo, unaweka sorted (inapanga majina kwa alfabeti) au kila plagini inataja namba yake kama WordPress wanavyofanya (usipotaja wanakupa 10, namba ndogo inatangulia), lakini ukishaanza kugawa namba ujue kaprogramu kamekua.

Ya pili, plagini haina boti yake, imepanda yako. Nilizungushia kila moja try na except Exception (kodi ya kudaka makosa ili programu isife) nikajiona mjanja, kijana mmoja anayejifunza kwangu akaandika plagini yenye sys.exit (amri ya kuzima programu) ndani, ikazima programu nzima katikati ya mauzo. Kumbe SystemExit, ile inayorushwa na sys.exit, haiko chini ya Exception, inapita hapohapo. Na hiyo ni bahati mbaya tu, je angekuwa mtu ana nia yake? Plagini inasoma kila faili unalolisoma wewe. Python waliwahi kuwa na moduli ya rexec ya kufungia kodi usiyoiamini, matundu yakawa mengi mpaka wakaizima toleo la 2.3. Lua, lugha nyingine ya programu, ile ya kutoka chuo cha Rio de Janeiro mwaka 1993, hapo ina nafuu kwa sababu unachagua mwenyewe skripti ione fankisheni zipi. Au unaiendesha plagini kama programu yake pembeni mnaongea kwa JSON (data iliyopangwa kama maandishi), ikifa inakufa peke yake, ila kuwasha Python upya kwa kila risiti kwenye kompyuta ya zamani mteja anakuangalia tu. Kwa ripoti ya jioni sawa.

Lakini kinachoniumiza zaidi hata jamaa hajawahi kukitaja. Lile jina sajili, na zile data ninazozipitisha, siwezi kuzibadilisha tena. Mwanzo nilikuwa napitisha bei kama namba tupu, leo nataka iwe na sarafu yake, nikibadilisha nimevunja plagini saba, mbili sio zangu. If ningezipitia jioni moja nikamaliza.

Kwa hiyo nilipofika mimi ni hapa: kama kodi yote unaandika wewe na wateja ni wawili, jamaa yuko sahihi, weka if na faili moja la mipangilio. Folda inalipa pale mtu mwingine anapoongeza kitu bila kukusubiri, na hata hapo fungua matukio machache sana, mimi nimebaki na matatu. Juzi mama wa dagaa ameomba risiti itoe na jina la aliyepakia gunia. Nimeiandika kwa if, jamaa asijue.