Dagaa wa Mwanza na mchanga wao

Hivi mgahawa ulio hatua chache kutoka ziwani unampaje mteja ugali na dagaa wenye mchanga unaolia kwenye meno? Mchanga wenyewe si ajabu, maana dagaa wengi bado huanikwa chini ufukweni badala ya kwenye vichanja. Kero ni uvivu wa kuosha. Wachambue, waloweke kwenye maji ya moto dakika tano, sugua taratibu, kisha waopoe kwa mkono. Ukiwamimina pamoja na maji kwenye chujio, mchanga uliotuama unawarudia wote! Badilisha maji mara tatu, nne, mpaka beseni lisibaki na chembe. Halafu wakaange wakauke kabla ya nyanya, la sivyo wanavurugika na shombo inabaki. Na ndimu haiondoi mchanga, jamani.