Ng'ombe, kipepeo na vipande vya msitu vilivyosalia Taita

Huku Mombasa, Mtaita aliyeajiriwa bandarini au anayeuza mboga katika soko la Kongowea akipata akiba, mara nyingi humnunulia mama ng'ombe wa maziwa kule juu kwenye Milima ya Taita, Wundanyi au Mgange. Ng'ombe huyo ni maziwa ya wajukuu, samadi ya shamba, karo ya Januari na pesa za hospitali. Kwa hiyo wahifadhi wanaposema mifugo isiingie kabisa katika misitu ya Milima ya Taita ili vipepeo wapone, jambo hilo halibaki mlimani. Linashuka hadi huku pwani, kwenye nyumba zilizotoa pesa za kumnunua.

Vipepeo wanaozungumziwa ni wawili. Mmoja ni Papilio desmondi teita, mweusi mwenye mkanda wa samawati mabawani. Wa pili ni Cymothoe teita. Ukiwakosa Taita, hakuna pengine duniani utakapowapata. Milima hiyo ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania, na Kenya ina kipande hicho kimoja tu. Upepo wa kusi unaopita hapa kwetu ukitoka baharini hupanda kule ukageuka ukungu, na ukungu huo umekuza msitu mbichi katikati ya nyika kavu ya Tsavo. Viumbe waliokwama juu hawakuwa na njia ya kuvuka nyika, wakawa wa kipekee. Ndiyo maana Taita ina ndege wasiopatikana kwingine, na ua la Saintpaulia teitensis linaloota katika msitu wa Mbololo.

Msitu wenyewe umebaki vipande. Mbololo una kama hekta 200, Ngangao kama 120, Chawia haufiki 100, na vingine ni vidogo zaidi ya hapo. Kati ya 1955 na 2004 Taita ilipoteza karibu nusu ya msitu wake wa asili. Hapa lazima haki itendeke: ng'ombe si aliyeukata. Msitu ulimalizwa na mashamba, kuni, mbao, moto, na mpango wa serikali wa kupanda misonobari na mikalitusi ambayo kwa viwavi wa vipepeo hawa haina chakula. Mwenye kumtupia mfugaji lawama yote ya miaka hamsini anamwonea.

Lakini swali la leo ni lingine: kwa nini kilichobaki hakijirudishi? Na hapo ng'ombe na mbuzi wanaingia kwenye hesabu. Kiwavi hali kila jani. Papilio huyu huhitaji miti ya msituni ya jamii ya michungwa, na Cymothoe ana mti wake. Jike hutafuta mti huo hasa ndipo atage. Mifugo ikipita chini ya msitu siku baada ya siku, inakula miche na kukanyaga iliyobaki, na udongo unashikana hadi mbegu haipati pa kushika. Ukitazama kwa mbali utaona miti mikubwa imesimama na utadhani mambo ni salama. Kumbe msitu huo ni kama kijiji cha wazee watupu kisicho na mtoto hata mmoja. Mzee mmoja akianguka pengo linabaki wazi, jua linaingia, ukungu haushiki, vichaka vya pembeni vinajaza. Katika msitu wa maelfu ya hekta jeraha la namna hiyo hupona. Katika hekta 80 halina nafasi ya kupona.

Sasa msikilize mfugaji, na amsikilize kwa makini kila aliye mjini anayependa mazingira. Mtaita wa zamani alilima juu na kuchunga chini, nyikani. Chini kukachukuliwa. Mashamba ya mkonge yalikaa Mwatate na Voi, kisha mwaka 1948 ikaja hifadhi ya Tsavo. Leo Tsavo Mashariki na Magharibi zinameza takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta. Ndovu wanavuka mipaka na kula mahindi yake, na akifuata nyasi upande wa pili anakamatwa. Mtu huyu ameshatoa ardhi kwa ajili ya ndovu, na sasa anaambiwa atoe tena kwa ajili ya mdudu ambaye pengine hajawahi kumtambua. Ukame uliodumu kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zikakosekana, ulimfundisha kwamba mahali pa mwisho penye jani bichi ni msituni. Na sheria haimkatazi moja kwa moja: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii vya misitu kupewa haki za kukata nyasi na kulisha mifugo. Anayesema huyu mfugaji ni mvamizi tu hajui alikofukuzwa.

Wapo pia wanaosema kwamba mifugo haimdhuru mdudu, bali humsaidia. Wana mfano wa kweli. Uingereza walikuwa na kipepeo wa buluu aitwaye Phengaris arion, ambaye kiwavi wake hukulia ndani ya kichuguu cha sisimizi wa aina moja. Sisimizi hao hutaka ardhi yenye joto na nyasi fupi. Malisho yalipopungua na sungura wakafa kwa ugonjwa, nyasi zikarefuka, sisimizi hao wakapungua, na kufikia 1979 kipepeo huyo alikuwa ametoweka nchini humo. Palipokuwa pamezungushiwa ua ili kumlinda, ua huohuo ulikuwa umewazuia wanyama waliompunguzia nyasi. Mtafiti Jeremy Thomas ndiye aliyefumbua siri hiyo, na baadaye kipepeo akarudishwa kwa mbegu kutoka Sweden, safari hii pamoja na mifugo.

Mfano huo nauheshimu, ila haufai kupelekwa Taita kama ulivyo. Yule ni mdudu wa uwanda wa nyasi na jua. Hawa wetu ni wadudu wa kivuli na unyevu, na chakula cha watoto wao ni jani la mti, tena mche. Unachotufundisha ni kwamba marufuku isiyojua mdudu anaishi vipi inaweza kumuua mdudu huyohuyo, kwa hiyo kila mahali pachunguzwe kivyake.

Kwa maoni yangu, vipande vya msitu wa asili vifungwe kabisa kwa mifugo. Eneo hilo ni dogo mno, ukilinganisha na Tsavo yenye zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, hata haliwezi kuwa jawabu la njaa ya ng'ombe wa Taita. Likiruhusiwa litawalisha msimu mmoja au miwili, kisha nyasi na kipepeo vitakwisha pamoja. Lakini marufuku isitangulie badala. Ndani ya milima hiyohiyo kuna mashamba ya serikali ya misonobari na mikalitusi ambako vipepeo hawa hawana haja napo. Kibali cha malisho kielekezwe huko, na kiandikwe wazi kwamba msitu wa asili haumo. Kukata nyasi pembezoni na kubeba kwa kichwa kuruhusiwe, maana panga linachagua na mdomo wa mbuzi hauchagui. Wengi wa Dawida, sehemu kuu ya milima hiyo, tayari wanafuga ndani kwa majani ya nepia kwa sababu mashamba ni madogo, na hao hawahitaji kuhubiriwa. Wanaohitaji msaada ni wale wa miteremko ya chini wasio na maji ya kumwagilia nepia wakati wa kiangazi.

Watu hupendekeza vipepeo wenyewe wawalipe wenyeji. Gede wamefanya hivyo tangu 1993: wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa Ulaya na Marekani kupitia mradi wa Kipepeo. Ni kazi nzuri, na imewapa watu sababu ya kuutunza msitu. Ila Arabuko-Sokoke ni zaidi ya kilomita 400 za mraba, na Ngangao mzima haufiki kilomita moja na nusu. Biashara ya aina hiyo Taita ingepaswa kuegemea vipepeo wa kawaida na kuwaacha hawa wawili, na mapato yake hayatafika kila boma lenye ng'ombe.

Jambo moja Wataita wanalo tayari na linatajwa kwa nadra mno katika mijadala hii. Fighi, misitu yao ya matambiko, ilikuwa na katazo kali: haukatwi mti wala hachungwi mnyama, na wazee ndio waliolisimamia. Baadhi ya miti mikubwa iliyopo leo imesimama kwa sababu ya katazo hilo. Mipaka mipya ikichorwa na wazee hao, pamoja na vijana wa vyama vya misitu na maofisa wa Shirika la Huduma za Misitu, itaheshimiwa kuliko kibao cha bati kilichopigiliwa na mgeni. Na sisi tulio Mombasa tunaotuma pesa za ng'ombe, tuongeze za mbegu ya nepia na tangi la kuvunia maji ya mvua kila tunapotuma.