Mitambo Miwili ya Kuchapa na Kifo cha Joseph Smith

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kunitembelea akiwa na vijana wawili wamisionari wa kanisa alilobatiziwa mwaka jana, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Walikuwa vijana wenye adabu, mashati meupe na tai, kila mmoja na kibao kifuani kinachomtambulisha kwa cheo cha Mzee, kama ilivyo desturi ya kanisa lao. Niliwakaribisha chai na tukazungumza vizuri kwa muda wa saa nzima, mpaka tulipofika kwenye kifo cha mwanzilishi wao. Mmoja akanieleza kwamba Nabii Joseph aliuawa na umati wa watu waovu kwa sababu ya imani yake. Nikamwuliza alikuwa gerezani kwa kosa gani. Akasema alisingiziwa. Nikamwuliza alisingiziwa nini. Akamtazama mwenzake, na mpwa wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, tafadhali, tunywe chai kwanza."

Nilinyamaza, kwa kuwa mgeni hagombezwi. Lakini siku mbili baadaye nikamsikia mhubiri mmoja redioni akiwaambia wasikilizaji wake kwamba Joseph Smith alikuwa tapeli aliyekufa kwa risasi kama jambazi, akasonga mbele na mahubiri yake kana kwamba amemaliza kazi. Huyo alinikasirisha zaidi kuliko wale vijana, kwa sababu vijana walikuwa wanarudia walichofundishwa, na yeye ni mtu mzima mwenye kipaza sauti. Hadithi hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zote mbili zimeruka jambo moja, nalo ndilo lililompeleka mtu huyo gerezani: mtambo wa kuchapa.

Nimekulia kwenye harufu ya wino. Marehemu baba yangu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, zama zile ambapo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi kisichozidi ncha ya kidole, kikiokotwa kutoka kwenye kijumba chake ndani ya kasha la mbao, kikapangwa mstari baada ya mstari, kinyumenyume, mpaka ukurasa utimie na kufungwa kwa kamba. Niliwahi kuliangusha kasha lake moja nikiwa na miaka minane. Hakunichapa. Alipiga magoti sakafuni, akaanza kuokota, na mpaka giza lilipoingia alikuwa bado anazitenga a na o, n na u. Tangu siku hiyo, kila ninaposoma kwamba mahali fulani watu walivunja mtambo na kumwaga herufi barabarani, namwona mzee yule amepiga magoti.

Wala si rahisi kuueleza mwanzo wa Wamormoni, kama wanavyoitwa waumini wa kanisa hili, bila uchapaji. Joseph alizaliwa mwaka 1805 huko Sharon, Vermont, katika familia ya wakulima waliohamahama kwa ufukara mpaka wakatua karibu na Palmyra, jimbo la New York. Alisema kwamba mwaka 1827 alikabidhiwa mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, na kwamba aliyafasiri kwa uwezo wa Mungu. Katika hilo mimi si muumini, na sina haja ya kubishana na mpwa wangu juu yake. Ninachojua ni kwamba maneno yale yasingefika popote kama Martin Harris, mkulima wa hapo hapo Palmyra, asingeliweka rehani shamba lake kwa dola 3,000 ili mchapaji E. B. Grandin atoe nakala 5,000 za kitabu kilichotokana na mabamba hayo, Kitabu cha Mormoni. Wenyeji waliazimia kutokinunua kitabu hicho, na Grandin akasimamisha kazi mpaka alipohakikishiwa malipo yake. Mpanga herufi wake, John Gilbert, alikuta muswada hauna nukta wala mkato, akawa anachukua kurasa kwenda nazo nyumbani jioni na kuzitia alama hizo kwa penseli. Kitabu kikaanza kuuzwa Machi 1830, na tarehe 6 Aprili kanisa likaundwa huko Fayette. Kwa hiyo kanisa hili lilitanguliwa na kitabu, na kitabu kilitoka kwa sababu mchapaji mmoja alikubali kuchapa kile ambacho majirani zake walikichukia.

Sasa twende Missouri, tarehe 20 Julai 1833. Katika mji wa Independence, waumini walikuwa na nyumba ya matofali ya ghorofa moja: chini aliishi W. W. Phelps na familia yake, juu ndipo ulipokuwa mtambo wa gazeti lao, The Evening and the Morning Star. Wenyeji walikuwa na manung'uniko mengi, na makala ya Phelps kuhusu watu weusi huru na masharti ya kuingia Missouri, jimbo la watumwa, iliwasha moto. Mamia ya wanaume wakakusanyika, wakamtoa mke wa Phelps nje pamoja na mtoto mgonjwa, wakautupa mtambo kutoka dirishani na kuibomoa nyumba. Askofu wao, Edward Partridge, akapakwa lami na kubandikwa manyoya hadharani. Kurasa za kitabu cha ufunuo kilichokuwa kinachapwa zikatupwa uani, na wasichana wawili ndugu, Mary Elizabeth Rollins wa miaka 15 na Caroline wa miaka 13, wakachupa kwenye lundo lile, wakakumbatia karatasi kadiri walivyoweza, wakakimbilia shamba la mahindi. Wakalala kifudifudi juu ya zile karatasi huku wanaume wakiwatafuta kati ya mabua. Nakala chache zilizojalidiwa baadaye kutokana na kurasa zilizookolewa siku hiyo leo zinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya thamani kubwa kabisa katika historia ya dini Marekani.

Wamormoni wanaikumbuka siku hiyo, na wana haki ya kuikumbuka. Walifukuzwa Independence, kisha mwaka 1838 wakafukuzwa Missouri nzima baada ya Gavana Lilburn Boggs kutoa amri iliyosema waangamizwe au waondolewe. Siku tatu baada ya amri hiyo, tarehe 30 Oktoba, watu 17 waliuawa kwenye kinu cha Haun, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka kumi. Maiti zilitumbukizwa kisimani kwa kuwa waliobaki hai hawakuthubutu kukaa wachimbe makaburi. Mhubiri wa redioni hakuyagusa hata kidogo haya, na ningependa siku moja ayaseme.

Lakini miaka sita baadaye, Illinois, mambo yaligeuka. Waumini walijenga mji wao, Nauvoo, kando ya mto Mississippi, wakapewa hati ya mji yenye madaraka makubwa mno. Joseph Smith alikuwa nabii, meya, jaji mkuu wa mahakama ya mji, na Luteni Jenerali wa jeshi la mgambo la Nauvoo, yote kwa wakati mmoja. Ndani ya mji huo akawa anafundisha kwa siri, kwa wachache aliowaamini, kwamba mwanamume anaweza kuoa wake wengi kwa amri ya Mungu, naye mwenyewe alikwisha kuoa, huku hadharani jambo hilo likikanushwa. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilikiri katika maandishi yake rasmi kwamba alioa wanawake wengi, baadhi yao wakiwa tayari na waume. Mmoja wa hao waliokuwa na waume, kwa ushuhuda wake mwenyewe alioutoa uzeeni, ni yule yule Mary Elizabeth aliyelalia karatasi katika shamba la mahindi.

William Law alikuwa mshauri wa Joseph katika Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa. Alimwomba aiache njia hiyo, akashindwa, akafukuzwa kanisani Aprili 1844, yeye na mkewe Jane. Wakatafuta mtambo. Tarehe 7 Juni wakatoa toleo la kwanza la Nauvoo Expositor, lenye viapo vya watu walioapa kwamba wameusoma au wamesikia ukisomwa ufunuo wa ndoa za wake wengi, na lenye hoja kwamba si haki mtu mmoja kushika kanisa na serikali katika mkono mmoja. Lugha yake ilikuwa kali, mahali pengine ya matusi, na nia ya kumwangusha Joseph haikufichwa. Hilo nakubali, ingawa kwa shingo upande, maana gazeti halihukumiwi kwa upole wake. Kuhusu ufunuo, lilichosema kilikuwa kweli: ufunuo huo ulikuwa umeandikwa Julai 1843, na mwaka 1852 kanisa lilitangaza fundisho hilo mbele ya dunia nzima kutoka Utah.

Baraza la mji likakutana Jumamosi, likakutana tena Jumatatu tarehe 10. Muhtasari wa kikao upo, na namsihi kila mtu mwenye maoni juu ya Joseph Smith, awe muumini au mpinzani, ausome kabla hajasema neno. Diwani Phineas Richards alisimama akasema hajasahau Haun. Kwamba mwanawe George Spencer bado amelala ndani ya kisima kile bila sanda wala jeneza, na kwamba hawezi kutulia akiiona roho ile ile ikiinuka Nauvoo. Siwezi kuyasoma maneno ya baba huyo bila kuguswa. Na katika kikao hicho hicho alikuwamo diwani mwingine aliyetetea kwa nguvu uhalali wa kuliondoa gazeti lile. Jina lake ni W. W. Phelps. Ndiye yule ambaye miaka kumi na mmoja kabla yake mtambo wake ulirushwa kutoka dirishani, na mkewe akatolewa nje pamoja na mtoto mgonjwa.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuwa mtulivu. Mtu mwingine yeyote mezani pale angeweza kusema hajui, kwamba mtambo ni chuma na herufi ni vipande vya risasi. Phelps alijua. Alijua uzito wake, gharama yake, na ilichukua muda gani kuuleta wa kwanza Missouri. Alijua hasa kwa nini watu wa Independence walianza na mtambo kabla ya kitu kingine chochote: kwa sababu waliogopa kitakachochapwa kesho yake. Naye akaliunga mkono azimio la kulitangaza gazeti la Law kuwa kero kwa umma. Diwani mmoja tu, ambaye hakuwa Mmormoni, alisema ni afadhali wachapishaji wapewe siku chache, na watozwe faini ya dola 3,000 kwa kila kashfa. Hakusikilizwa. Meya akatia saini amri, na jioni hiyo mkuu wa polisi wa mji, John Greene, akaenda na watu wake, wakautoa mtambo nje, wakamwaga herufi barabarani na kuyachoma magazeti.

Wapo wanaotetea kwamba sheria ya wakati ule iliruhusu kuondoa kero. Dallin Oaks, mwanasheria aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa kanisa hilo hilo, aliandika mwaka 1965 akilipima jambo hili kisheria, na hata yeye, aliyepata hoja za kutetea kuharibiwa kwa nakala za gazeti, hakupata ya kutetea kuharibiwa kwa mtambo wenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Joseph alishtakiwa kwa kufanya ghasia, na mahakama ya mji wake ikamwachilia. Akatangaza hali ya kijeshi Nauvoo. Akavuka mto kukimbia, akarudi, akajisalimisha katika mji wa Carthage, Illinois, tarehe 25 Juni kwa ahadi ya ulinzi ya Gavana Thomas Ford, na huko akaongezewa shtaka la uhaini. Kwa hiyo yule kijana aliyeniambia kwamba alisingiziwa amekosea, kwa sababu shtaka lililoanzisha safari yake ya Carthage halikuwa la kubuni: mtambo ulivunjwa, na amri ilikuwa na saini yake. Naye mhubiri wa redioni amekosea vibaya zaidi. Alasiri ya tarehe 27 Juni 1844 wanaume waliojipaka nyuso weusi walipanda ngazi za gereza. Hyrum Smith, kaka yake Joseph aliyekuwa naye gerezani, alipigwa risasi ya uso kupitia mlangoni akafa papo hapo. Joseph alifyatua bastola ndogo aliyoletewa na mgeni asubuhi, kisha akaanguka kutoka dirishani akiwa amejaa risasi. Alikuwa na miaka 38. Mfungwa aliyeahidiwa ulinzi na gavana aliuawa kabla ya hukumu, na wanaume watano walioshtakiwa kwa mauaji hayo waliachiliwa huru mwaka uliofuata. Mmoja wao, Thomas Sharp, alikuwa mhariri wa gazeti la mji wa jirani, naye baada ya mtambo wa Law kuvunjwa aliwaita wasomaji wake wajibu kwa baruti na risasi. Huyo hakuwa akitetea uhuru wa uchapaji, na ninakataa kumweka upande mmoja na William Law.

Mpwa wangu alinipigia simu juzi usiku. Alikuwa ameutafuta ule muhtasari wa kikao na kuusoma wote, na sauti yake ilikuwa nzito. Hakuniambia kama amebadili msimamo, na mimi sikumwuliza. Alitaka kitu kimoja tu. "Mjomba," alisema, "yule diwani aliyetaka wapewe siku chache, nataka kuwatajia wenzangu darasani Jumapili. Jina lake linatamkwaje?"

Nikamtamkia polepole, mara mbili, mpaka akaliandika: Benjamin Warrington.