Jedwali si wizi, mwalimu

Wino mwekundu, herufi kubwa: "HILI NI JEDWALI TU. FOMULA IKO WAPI?" Na pembeni, alama 8 zimekwenda. Mpwa wangu alinipa ripoti yake ya mradi, iliyosahihishwa na mwalimu wake, nikaisoma kibarazani hapa Tudor, Mombasa. Chai ilipoa, mahamri yakaliwa na watoto, na mpaka naandika haya hasira haijanishuka.

Kijana ametengeneza kifaa cha kusikiliza pampu ya kisima cha jirani yao kule Kisauni. Sensa ya mtikisiko imefungwa kwenye mota, waya unaingia kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, na ndani mna mtandao mdogo wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, nyuroni kumi na moja tu, unaoamua kama pampu ni nzima au beringi zimeanza kwisha. Aliyekaa Kisauni anajua pampu ikifa Ijumaa ni habari gani: ni mkokoteni wa mitungi hadi Jumatatu.

Chipu ile ina RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kilobaiti 2. Mbili! Desimali haizijui, kila desimali huigizwa na programu, hatua kwa hatua. Na kila nyuroni inadai sigmoidi yake, fomula yenye mchoro wa umbo la S inayobana namba yoyote iwe kati ya 0 na 1: 1 gawanya kwa jumla ya 1 na e kwa kipeo cha hasi x. Hapo kuna kipeo, kuna kugawanya, na chipu yenyewe hata amri ya kugawanya haina.

Kijana akafanya la maana. Aliikokotoa sigmoidi kwenye laptopu mara moja, akaandika majibu 256 kwa x ya kutoka 0 hadi 8, baiti moja kila jibu. Upande wa hasi hakuuandika, kwa kuwa sigmoidi ya hasi x ni 1 toa sigmoidi ya x. Ikipita 8, jibu ni 1. Ukitaka ubishi, ni 0.9997. Kosa la jedwali zima halifiki 0.01. Kifaa kinachukua jibu lililokwisha kupikwa badala ya kuwasha jiko kila mara.

"Mjomba, mwalimu kanambia nimekwepa hesabu."

Kukwepa! Huyo bwana, kwa umri wake, alipita kidato cha nne na kitabu cha jedwali kwapani kama sisi sote. Logi za tarakimu nne, na ule ubavu wa kulia wenye safu za tofauti ndogo ndogo, ambazo ulikuwa ukiziongeza ili kupata namba iliyo kati ya mbili zilizoandikwa. Je, alipozidisha kwa logi alikuwa akikwepa? Mbona cheti hakukirudisha?

Lakini ngoja niende kwenye linaloniuma hasa, nalo liko baharini, si darasani.

Babu yangu alikuwa na mashua. Kuvuka mwamba kwa maji haba ni kuvunja mkuku, kwa hivyo alihitaji kujua maji yamefika wapi, na saa yake ya mkono ilikuwa imekufa miaka mingi. Akituambia: maji yakianza kujaa hayana haraka, katikati yanakwenda mbio, mwisho yanachoka. Mabaharia wa vitabuni wameliandika jambo lilo hilo kwa namba. Gawanya kimo chote cha kujaa mafungu 12. Saa ya kwanza hujaa fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chora uone: herufi S iliyolala, kama ya sigmoidi. Mchoro halisi ni wa kosaini, na kosaini si sigmoidi, najua, msiniandikie. Ila ukipima kwenye kila saa kamili, ile 1, 2, 3, 3, 2, 1 inakosea kwa chini ya 0.02 ya kimo chote. Mashua inapita.

Sasa tazama wahandisi wa chipu walivyofanya. Mwaka 1997 Amin, Curtis na Hayes-Gill waliikata sigmoidi vipande vya mistari iliyonyooka. x ikiwa kati ya 0 na 1, igawanye kwa 4, ongeza 0.5. Kutoka 1 hadi 2.375, igawanye kwa 8, ongeza 0.625. Kutoka hapo hadi 5, igawanye kwa 32, ongeza 0.84375. Kuanzia 5, jibu ni 1. Kwa nini 4, 8 na 32? Kwa sababu kwenye mfumo wa tarakimu mbili tu, 0 na 1, kugawanya kwa 4 ni kusogeza tarakimu hizo, yaani biti, nafasi mbili, kama unavyogeuza senti kuwa shilingi kwa kusogeza nukta. Hakuna kuzidisha, hakuna kugawanya. Kosa kubwa kabisa liko kwenye 1, ambapo unapata 0.75 badala ya 0.731. Yaani chini ya 0.02. Babu na wahandisi wale wamekosea kwa karibu kiasi kimoja, na wote wamefika.

Hii ndiyo kazi yenyewe ya watu wa chipu! Jack Volder mwaka 1959 alichapisha njia ya kupata saini na kosaini kwa kusogeza biti na kujumlisha tu, huku akisaidiwa na kijijedwali cha pembe. Kikokotoo cha HP-35 cha 1972 kiliitumia. TPU ya kwanza, chipu ya Google ya mitandao ya neva, ilikuwa na vizidishi 65,536, vyote vya namba fupi za biti 8 tu. Na ReLU, fomula inayoshika nafasi ya sigmoidi, iliyobeba AlexNet, mtandao wa kutambua picha, mwaka 2012, inauliza swali moja tu: wewe ni hasi? Basi wewe ni sifuri. Mwalimu wetu angekata alama ngapi hapo?

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Wakati wa kuufundisha mtandao usahihi unahitajika zaidi, na jedwali la ovyo linaweza kuuharibu. Ndiyo maana kijana aliufundishia kwenye laptopu. Na ripoti yake, wallahi, haikueleza lolote kuhusu kosa. Jedwali kalitupa pale ukurasa wa 14 kama risiti ya duka, bila mchoro, bila sentensi. Hapo ningekata alama 2 mwenyewe.

Jana usiku tumechora. Sigmoidi halisi kwa bluu, jedwali kwa nyekundu, na mistari miwili imelaliana hata macho yangu hayakuitenganisha. Jumatatu anaipeleka ofisini kwa mwalimu. Nimemwambia awe na adabu, na asinitaje.