Mzee kasema "thropple", wakaandika amechanganyikiwa

Nimetoka shifti ya usiku, usingizi hauji, acha niandike tu maana hili jambo limenikaa kifuani. Mnaofanya kea, yaani kazi ya kulea wazee, huku kaskazini mwa Uingereza mtanielewa haraka.

Tuna mzee mmoja tunamlea, mtu wa Durham, kazaliwa na kukulia kwenye mashamba ya bonde la Weardale. Siku mbili nzima alikuwa anasukuma sahani, mkate anaumega kidogo anauacha, chai inapoa mpaka inafanya utando juu. Akiulizwa anajibu, "It's me thropple, pet." Huyo "pet" ni mimi, ni wewe, ni yeyote yule, wazee wa huku ndivyo wanavyoita watu kwa upendo. Basi kwenye hendova, tunapokabidhiana shifti, nakuta faili limeandikwa amechanganyikiwa, anatamka maneno yasiyo na maana. Yasiyo na maana! Mzee alikuwa anasema koo. Koo linamuuma, na vidole vyake viwili vilikuwa pale pale chini ya kidevu, na kila akimeza mate anakunja uso. Nesi alipokuja na tochi akamwambia apanue mdomo, koo lote jekundu.

Siku mbili, jamani. Na aliyeandika vile ni Mwingereza, tena mzaliwa wa hapa hapa, ila mtoto wa mjini.

Thropple ni neno la watu wa kaskazini, kuanzia Yorkshire kupanda Durham na Northumberland, ukivuka kwenda Scotland wanasema thrapple. Ni koo, bomba la hewa, na wakulima walilitumia sana kwa koo la farasi. Halikuzuliwa na mzee aliyepoteza akili. Limo kwenye kamusi kubwa ya lahaja za Kiingereza ya Joseph Wright, juzuu 6, zilizotoka kati ya 1898 na 1905, na huyo Wright mwenyewe nampenda sana kwa sababu hakuwa mtoto wa wakubwa. Alizaliwa 1855 karibu na Bradford, akaingizwa kiwandani akiwa bado mtoto mdogo, kusoma na kuandika kajifunza akiwa kijana wa miaka kama 15 hivi, halafu akaja kuwa profesa Oxford. Mtu aliyeongea lahaja ya Yorkshire tangu utotoni akakaa miaka na miaka kukusanya maneno ya watu kama mzee wangu, moja moja, akaona yanastahili kuchapwa. Sasa leo mtu anasikia neno hilo hilo anaandika halina maana bila hata kuuliza "ni wapi panauma mzee wangu?" Kati ya 1950 na 1961 watu wa Chuo Kikuu cha Leeds, wakiongozwa na Harold Orton, walizunguka sehemu 313 za nchi hii wakiwauliza wazee, wengi wao wakulima, kila kitu wanakiitaje, wakaandika yote. Wazee wale wale walioonekana hazina ndio leo tunaona wanapayuka.

Sawa, nakubali, ukiwa na wazee kumi na mbili na wafanyakazi wawili muda wa kuchunguza kila neno haupo, na wako wazee ambao kweli kumbukumbu imeondoka. Lakini hata hao, nimeona kwa macho yangu, wanaposhikwa na maumivu wanarudi kwenye maneno waliyofundishwa na mama zao. Bibi yangu wa Mombasa alipougua alikuwa anasema mato yamuuma, na daktari kijana aliyetoka bara akamtazama bibi kisha akanitazama mimi. Mato ni macho, daktari. Nilikuwepo, nikasema. Huyu mzee wa Weardale hakuwa na wa kumsemea.

Ndiyo maana nasema kila anayepewa kazi ya kulea wazee huku apewe na maneno ya pale anapofanya kazi, angalau ya mwili na maumivu, kabla hata ya kufundishwa kutandika kitanda. Sisi wageni tulipimwa Kiingereza kabla ya kupewa viza, na hakuna aliyewahi kuniuliza thropple ni nini.

Jana nimeandika kwenye faili lake kwa herufi kubwa: THROPPLE NI KOO. AKILISEMA, MTAZAME KOO. Halafu nikaenda kumpa dawa yake na maji ya uvuguvugu, akameza polepole, nikamwomba anifundishe kulitamka. Hiyo "th" tunayo, ya thelathini na themanini, shida ni "r" inayoibana kwa nyuma. Akanisikiliza mara tatu, akatikisa kichwa, akanionyesha niweke mkono kooni nilisikie likitoka. Nikaweka.